Kuandika programu mteja ya seva ya COM yenye nyuzi nyingi

Seva ya COM (Component Object Model, mfumo wa Windows wa kuwezesha programu moja kutumia vitu vya nyingine) kuwa na nyuzi nyingi hakuifanyi programu yako iende kasi. Uzi mmoja wa mteja ukiita, husubiri jibu, ndipo uite tena. Seva inaweza kuwa na nyuzi kumi zimekaa bure na wewe bado ukapata majibu moja moja. Faida huja pale mteja mwenyewe anapoita kutoka nyuzi kadhaa, na hapohapo ndipo shida nyingi za COM huanzia: kielekezi (pointer) kilichozaliwa chumba kimoja (apartment, tutaeleza punde) kinatumiwa chumba kingine, au kinaachiwa wakati COM imeshafungwa.

Mwongozo huu ni wa C++ kwenye Windows, seva ikiwa EXE inayojitegemea. Mfano tutakaoutumia ni seva ya ghala: klasi moja, `Ghala`, yenye kiolesura `IGhala` na mbinu moja, `PataSalio`, inayopokea namba ya bidhaa na kurudisha salio lake.

Kwanza elewa vyumba

COM huweka kila uzi ndani ya chumba. STA ni chumba cha uzi mmoja: miito yote ya kutoka nje huingia kupitia foleni ya ujumbe ya Windows, mmoja baada ya mwingine, kama benki yenye dirisha moja. MTA ni chumba cha nyuzi nyingi, na kila mchakato una MTA moja tu. Miito inayoingia humo hupokelewa na nyuzi za RPC (mfumo wa kuita kazi zilizo kwenye mchakato mwingine), yoyote iliyo wazi, na miwili inaweza kuingia kwa wakati mmoja bila kuulizana. MTA ilikuja na Windows NT 4.0 mwaka 1996. Kabla yake kulikuwa na `CoInitialize` pekee, mwito wa kuutayarisha uzi kwa COM, na hiyo hadi leo hukupeleka STA. Ukikuta msimbo wa zamani unaoita `CoInitialize(NULL)`, jua uko dirisha moja.

Kuna jambo huwachanganya wengi. Seva ya DLL huandika chumba chake kwenye rejista ya Windows, chini ya `InprocServer32`, kwa jina `ThreadingModel`: Apartment, Free, Both au Neutral. Seva ya EXE haina kitu hicho. Chumba chake huamuliwa na `CoInitializeEx` iliyoandikwa ndani ya seva yenyewe, kwa hiyo kuongeza `ThreadingModel` chini ya `LocalServer32` ni kujichosha. Kwa mteja, habari njema ni kwamba hulazimiki kuwa chumba cha aina moja na seva. Katikati kuna proksi, kitu kinachomwakilisha seva upande wa mteja, nayo hufanya kazi ya kuvusha miito.

Hatua ya 1: Kusanya mafaili na hakikisha usajili

Kutoka kwa aliyeandika seva, chukua faili la IDL, linaloeleza violesura vya seva. Likipitishwa kwenye MIDL, kompaila ya mafaili hayo, kwa amri `midl ghala.idl`, hutoa mafaili unayoyahitaji: `ghala.h` lenye tamko la kiolesura, na `ghala_i.c` lenye thamani za IID (kitambulisho cha kiolesura) na CLSID (kitambulisho cha klasi). Hutoa pia `ghala_p.c` na `dlldata.c`, ambayo ni malighafi ya DLL ya proksi. Kama kiolesura kimeandikwa `oleautomation` na maktaba ya aina imesajiliwa, DLL ya proksi haihitajiki. Windows hutumia ile iliyo ndani ya oleaut32.dll. La sivyo, DLL hiyo lazima isajiliwe kwa `regsvr32`.

Hapa zingatia biti. Mteja wa biti 32 anaweza kuita seva ya EXE ya biti 64 bila tabu, kwa sababu ni michakato miwili. Lakini DLL ya proksi huingia ndani ya mchakato wa mteja na ndani ya mchakato wa seva pia, kwa hiyo unahitaji nakala mbili, moja kwa kila upande, zote zimesajiliwa. Ya biti 32 hujiandika chini ya `WOW6432Node`, na ukiitafuta mahali pengine utadhani haipo.

Hatua ya 2: Chagua chumba cha mteja

Programu ya konsoli au huduma ya nyuma: weka nyuzi zote MTA, umalize. Kielekezi kilichopatikana MTA kinaweza kutumiwa na uzi wowote wa MTA bila kufungashwa upya (marshaling) kwa chumba kingine. Huo ndio urahisi unaoutafuta.

Programu yenye madirisha: uzi mkuu lazima ubaki STA, kwa sababu ubao wa kunakili, kuburuta na kudondosha, na vidirisha vya kufungulia mafaili vinahitaji STA. Usijaribu kuupeleka MTA ili kurahisisha mambo. Mara nyingi hata haitawezekana, kwani maktaba ya madirisha itakuwa imeshautayarisha uzi huo, na `CoInitializeEx` yako itarudisha 0x80010106, yaani RPC_E_CHANGED_MODE: uzi una chumba tayari, na hauhami.

Mpangilio unaoleta usumbufu mdogo zaidi ni huu: uzi mkuu STA kwa madirisha tu, nyuzi za kazi MTA, zitengeneze kitu cha seva zenyewe, ziite zenyewe, kisha zitume matokeo kwenye dirisha kwa `PostMessage`. Hivyo kielekezi cha COM hakivuki mpaka hata mara moja.

Hatua ya 3: Andika mteja

Huu hapa mteja mzima wa konsoli wenye nyuzi 5:

```cpp
#include <windows.h>
#include <wrl/client.h>
#include <thread>
#include <vector>
#include <cstdio>
#include "ghala.h"
#pragma comment(lib, "ole32.lib")
using Microsoft::WRL::ComPtr;

static void Uliza(IGhala* ghala, long bidhaa)
{
    HRESULT hr = CoInitializeEx(nullptr, COINIT_MULTITHREADED);
    if (FAILED(hr)) return;

    ULONGLONG mwanzo = GetTickCount64();
    long salio = 0;
    hr = ghala->PataSalio(bidhaa, &salio);
    printf("bidhaa %ld: 0x%08lX, salio %ld, ms %llu\n",
           bidhaa, hr, salio, GetTickCount64() - mwanzo);

    CoUninitialize();
}

int main()
{
    HRESULT hr = CoInitializeEx(nullptr, COINIT_MULTITHREADED);
    if (FAILED(hr)) return 1;

    hr = CoInitializeSecurity(nullptr, -1, nullptr, nullptr,
            RPC_C_AUTHN_LEVEL_PKT_INTEGRITY,
            RPC_C_IMP_LEVEL_IDENTIFY,
            nullptr, EOAC_NONE, nullptr);
    if (FAILED(hr)) printf("usalama: 0x%08lX\n", hr);

    {   // mabano haya yana kazi; soma chini
        ComPtr<IGhala> ghala;
        hr = CoCreateInstance(CLSID_Ghala, nullptr,
                CLSCTX_LOCAL_SERVER, IID_PPV_ARGS(&ghala));
        if (SUCCEEDED(hr)) {
            std::vector<std::thread> nyuzi;
            for (long i = 1; i <= 5; ++i)
                nyuzi.emplace_back(Uliza, ghala.Get(), i);
            for (auto& u : nyuzi) u.join();
        } else {
            printf("kuunda: 0x%08lX\n", hr);
        }
    }
    CoUninitialize();
    return 0;
}
```

Kompaili kwa `cl /EHsc /W4 mteja.cpp ghala_i.c`.

Mabano ya ndani ya `main` yapo kwa sababu moja. `ComPtr`, kielekezi kinachojiachia chenyewe, huita `Release` (kuachia rejeo) pale inapofikia mwisho wa mabano yaliyoizunguka. Ukiyaondoa, `CoUninitialize` itatangulia, proksi itabomolewa, kisha `ComPtr` itaita `Release` kwenye kumbukumbu isiyokuwepo. Programu itaanguka mwishoni kabisa, baada ya kazi yote kufanyika vizuri, na ndiyo maana kosa hili hupuuzwa hadi siku limfikie mtumiaji. Chanzo hichohicho hujificha kwenye vielekezi vya programu nzima (global): `ComPtr` iliyotangazwa nje ya `main` huachiwa baada ya `main` kuisha. Usiiweke huko.

Angalia pia kwamba `Uliza` inapokea kielekezi kitupu bila `AddRef` (kuongeza rejeo). Ni salama hapa tu, kwa kuwa `main` inashikilia rejeo hadi `join` ya mwisho. Ukibadili `join` kuwa `detach`, pitisha `ComPtr` yenyewe, na hakikisha inaachiwa kabla ya `CoUninitialize` ya uzi huo.

Kila `CoInitializeEx` iliyofaulu inadai `CoUninitialize` yake, hata ile iliyorudisha S_FALSE. Iliyorudisha RPC_E_CHANGED_MODE haidai. Ukiifungia, unamfungia mwingine mlango.

Je, uzi wa kazi ukisahau `CoInitializeEx`? Cha ajabu, kwenye programu hii utafanya kazi, maana uzi usiotayarishwa huhesabiwa uko MTA ikiwa kuna uzi mwingine ulioifungua. Siku uzi mkuu ukiwa STA, au ukifunga mapema, utaanza kupata 0x800401F0, CO_E_NOTINITIALIZED, bila mstari wowote wa uzi huo kubadilika. Andika mistari miwili, uwe salama.

Hatua ya 4: Pima kama kweli miito inakwenda sambamba

Muombe mwandishi wa seva aweke `Sleep(2000)` ndani ya `PataSalio` kwa muda wa majaribio. Endesha mteja, tazama safu ya ms. Ikisoma takriban 2000 kwa nyuzi zote tano, miito inakwenda sambamba. Ikisoma 2000, 4000, 6000, 8000, 10000, kuna foleni mahali.

Foleni hiyo ina asili tatu. Seva inaweza kuwa STA ingawa uliambiwa ni MTA. Au seva ni MTA kweli, lakini imeshika kufuli moja kubwa kuzunguka mbinu nzima, na matokeo ni yaleyale. Au kosa ni lako: vielekezi vyote vinarudi kwenye kitu kilicho ndani ya STA ya mteja. Kutenganisha mbili za kwanza, simamisha seva kwenye dibaga (programu ya kuchunguza makosa) wakati miito inaendelea, uhesabu nyuzi zilizo ndani ya `PataSalio`. Nyingi zikingoja kufuli, ni kufuli. Mmoja tu akiwemo na wengine hawajafika, ni STA.

Kwa dibaga, njia rahisi ni kuianzisha seva kwa mkono kabla ya mteja. Klasi ikiwa imeshasajiliwa na seva inayoendelea, COM huitumia hiyo badala ya kuanzisha mpya kwa `-Embedding`. Sharti: zote mbili ziendeshwe na mtumiaji yuleyule kwa kiwango kilekile cha ruhusa. Dibaga iliyofunguliwa kama msimamizi na mteja wa kawaida hawaonani.

Hatua ya 5: Kielekezi kikilazimika kuvuka chumba

Ukichukua kielekezi cha proksi kutoka STA ukakiita moja kwa moja kwenye uzi wa MTA, utapata 0x8001010E, RPC_E_WRONG_THREAD. Shukuru ukiipata. Proksi hukagua chumba. Kitu cha DLL kilichomo ndani ya mchakato wako hakikagui, kinakuacha uingie na kuharibu data kimyakimya.

Kwa uhamisho wa mara moja, kutoka uzi mmoja kwenda mwingine, tumia jozi ya `CoMarshalInterThreadInterfaceInStream` na `CoGetInterfaceAndReleaseStream`. Mkondo huo husomwa mara moja tu. Kwa kielekezi kitakachohitajika na nyuzi nyingi, tumia jedwali la violesura la mchakato mzima (Global Interface Table):

```cpp
ComPtr<IGlobalInterfaceTable> jedwali;
CoCreateInstance(CLSID_StdGlobalInterfaceTable, nullptr,
    CLSCTX_INPROC_SERVER, IID_PPV_ARGS(&jedwali));

DWORD tiketi = 0;
jedwali->RegisterInterfaceInGlobal(ghala.Get(),
    __uuidof(IGhala), &tiketi);
```

Uzi mwingine hupokea `tiketi`, ambayo ni namba tu, kisha huita `GetInterfaceFromGlobal` na kupata kielekezi halali kwa chumba chake. Mwishoni lazima mtu aite `RevokeInterfaceFromGlobal`. Jedwali linashikilia rejeo, na ukisahau, seva haitazimika hadi mchakato wako ufe.

Na ndani ya STA usisubiri nyuzi zako kwa `WaitForSingleObject`. Uzi huo ukilala, foleni ya ujumbe inalala nayo, na mwito wowote unaorudi kwenye chumba hicho unakwama. `CoWaitForMultipleHandles` husubiri huku ikiendelea kupokea.

Hatua ya 6: Seva inapokuita wewe

Seva nyingi za aina hii hutoa taarifa: salio likibadilika, humwita mteja kupitia kiolesura ambacho mteja amekitekeleza mwenyewe, tuseme `IGhalaTukio` yenye mbinu `Imebadilika`. Kuanzia hapo mteja naye ni seva.

Mteja akiwa MTA, `Imebadilika` huingia kwa uzi wa RPC ambao hukuuunda, wakati wowote, pengine miwili kwa pamoja. Hesabu ya rejeo lazima iwe ya `InterlockedIncrement` na `InterlockedDecrement`, na data yote inayoguswa iwe na kufuli. Usiguse dirisha kutoka humo, tuma ujumbe.

Mkwamo wa kawaida zaidi huundwa hivi. Uzi A wa mteja unashika `kufuli`, kisha unaita `PataSalio`. Ndani ya `PataSalio`, seva inaona salio limebadilika na kuita `Imebadilika` papo hapo. Mwito unaingia kwa mteja kupitia uzi B, unaotaka `kufuli` ileile. B anamsubiri A, A anaisubiri seva, seva inamsubiri B. Hakuna kosa litakaloonyeshwa; programu inaganda tu.

Ungekuwa STA, mwito huo ungeingia kwenye uzi A wenyewe, uliokuwa ukisubiri jibu. `CRITICAL_SECTION` ingeuruhusu upite, kwa kuwa mwenye kufuli ni yeye, na data iliyokuwa katikati ya kubadilishwa ingebadilishwa tena. Hiyo ni mbaya kuliko kuganda, maana haionekani.

Tiba ya yote mawili ni moja: nakili unachohitaji ukiwa na kufuli, iachie, ndipo uite nje. Ndani ya `Imebadilika`, weka taarifa kwenye foleni yako na urudi upesi, kwani kila milisekunde unayokaa humo uzi mmoja wa seva unakusubiri.

Kuita nyuma pia ndiko kunakofanya `CoInitializeSecurity` isiwe pambo. Seva ikiwa huduma inayoendeshwa na akaunti nyingine, mwito wake kwako unaweza kukataliwa kwa 0x80070005, na kosa hilo litaonekana upande wa seva huku kwako kukiwa kimya tu. `CoInitializeSecurity` huitwa mara moja kwa mchakato, kabla ya kielekezi cha kwanza kuvuka. Ukichelewa, COM itakuwa imeshaiita yenyewe kwa thamani zake, na wewe utapata 0x80010119, RPC_E_TOO_LATE.

Makosa ya kuunda na maana zake

0x80040154: klasi haijasajiliwa.

0x80004002, E_NOINTERFACE, kutoka `CoCreateInstance` mara nyingi si kwamba seva haina kiolesura hicho. Ni DLL ya proksi iliyokosekana. Jaribu kuunda kwa kuomba `IUnknown` tu, kiolesura cha msingi cha kila kitu cha COM: ikifaulu, kisha `QueryInterface` (kuomba kiolesura kingine) ya `IGhala` ikashindwa, umepata jibu, kwani proksi ya `IUnknown` ipo ndani ya Windows daima.

0x80080005: seva ilianzishwa lakini haikusajili klasi yake kwa muda uliotakiwa. Fungua kumbukumbu za matukio ya System, tafuta tukio namba 10010 la DistributedCOM. Mara nyingi seva imeanguka ikianza, au imefungua kidirisha cha kosa pasipoonekana na mtu.

Seva ikiwa kompyuta nyingine

Badili `CoCreateInstance` kuwa `CoCreateInstanceEx`, ujaze jina la kompyuta kwenye `COSERVERINFO`. Omba violesura vyote unavyohitaji kwa mara moja kupitia safu ya `MULTI_QI`. Kila `QueryInterface` ya baadaye inaweza kuwa safari nyingine ya mtandao. Ukuta wa moto uruhusu bandari 135 pamoja na bandari zinazogawiwa na RPC, ambazo tangu Windows Vista ni 49152 hadi 65535. Kiwango cha uthibitisho kisiwe chini ya `RPC_C_AUTHN_LEVEL_PKT_INTEGRITY`: masasisho ya Windows ya Machi 2023 yaliondoa uwezekano wa kuzima sharti hilo, na wateja wengi wa zamani waliokuwa wakitumia kiwango cha chini cha `CONNECT` walianza kupata 0x80070005 bila msimbo wao kuguswa.

Mteja akifa ghafla, seva ya mbali haijui mara moja. Kompyuta ya mteja hutuma ishara ya uhai kila dakika 2, na seva huachia rejeo zake baada ya ishara tatu kukosekana, yaani dakika 6. Kwa hiyo usishangae kuona vitu vya mteja aliyezimika bado vinahesabiwa. Kinyume chake, seva ikifa, mwito wako unaofuata hurudisha 0x800706BA, 0x800706BE au 0x80010108. Kuurudia mwito huo kwa kielekezi kilekile ni kazi bure, proksi hiyo imekwisha. Achia vielekezi vyote vya seva hiyo kwenye nyuzi zote, futa tiketi ya jedwali, uunde upya, kisha ujisajili upya kupokea matukio. Usajili wa zamani ulikufa na seva ya zamani. Na uzi mmoja tu ndio ufanye ujenzi huo, wengine wasubiri, la sivyo nyuzi tano zitaunda vitu vitano.